Kazi katika kampuni za huduma za teknohama: Tamu na chungu yake

KILA baada ya mahafali ya vyuo vikuu na vyuo anuwai nchini, vijana waliosomea masuala ya tarakilishi hukabiliwa na swali zito. Je, watafute nafasi katika idara ya teknolojia ya benki au shirika la umma, waanzishe biashara zao wenyewe, au wajiunge na kampuni inayotoa huduma za teknolojia ya habari na mawasiliano, yaani teknohama, kwa wateja mbalimbali?

Kwa wengi, jibu huamuliwa na mlango utakaofunguka kwanza. Mara nyingi mlango huo huwa wa kampuni za huduma, kwa kuwa kampuni hizi huhitaji watu kwa haraka pindi zinapopata kandarasi mpya.

Hata hivyo, ni wachache wanaoingia humo wakifahamu jinsi biashara yenyewe inavyoendeshwa. Karibu kila faida na kila hasara ya kazi hii huchipuka katika shina moja: kampuni ya aina hii haina bidhaa ya kupanga rafuni. Inachouza ni saa na ujuzi wa wafanyakazi wake. Anayelifahamu jambo hili mapema hunufaika na kazi yake. Asiyelifahamu huja kushtukia miaka imekwenda, naye hajui alichovuna.

Kampuni ya huduma ni ipi?

Ni vyema kwanza kutofautisha kampuni hizi na nyinginezo za teknolojia. Kuna kampuni zinazounda programu zao wenyewe na kuziuza kwa yeyote anayezihitaji. Kuna pia mashirika ambayo teknolojia si biashara yao, kama vile benki, hospitali na viwanda, lakini yana idara ndogo ya wataalamu wa kuyahudumia.

Kampuni ya huduma iko kati ya hizo mbili. Huajiri wataalamu, kisha huwapeleka kuyafanyia kazi mashirika mengine kwa malipo. Baadhi huunda mifumo ya kompyuta kwa mujibu wa maagizo ya mteja. Nyingine husimamia seva, mitandao na usalama wa data, na kuendesha dawati la usaidizi ambalo mfanyakazi wa mteja hulipigia simu kompyuta yake inapokwama.

Kundi la tatu hufanya kazi ambazo kampuni za ng'ambo zimeamua kuzihamishia nje: kupokea simu za wateja, kuingiza data, kuainisha picha na maandishi yanayotumiwa kufunza mitambo ya akili unde, na kukagua yanayochapishwa katika mitandao ya kijamii.

Biashara hii haikuanza jana. Nchini India, kampuni ya Tata Consultancy Services ilianzishwa mwaka wa 1968, nayo Infosys ikaanzishwa mwaka wa 1981 na wahandisi saba waliokuwa na mtaji wa dola 250 pekee. Mwishoni mwa miaka ya tisini, mashirika ya Marekani na Ulaya yalihofia kuwa kompyuta zao zingevurugika mwaka wa 2000 ukiingia, kwa sababu programu nyingi za zamani zilihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili tu. Kazi ya kupekua mamilioni ya mistari ya programu hizo ilihitaji watu wengi, na kampuni za India zikawa na watu hao. Kutoka hapo zikapanuka na kuenea duniani.

Humu nchini, kizingiti kikubwa kilikuwa gharama ya mawasiliano. Kabla ya mwaka wa 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kupata intaneti, na bei yake ilikuwa ghali mno. Mwaka huo nyaya za mawasiliano za SEACOM na TEAMS, zilizopitishwa chini ya bahari, zilifika Mombasa, na mwaka uliofuata ikaja ya EASSy. Tayari Ruwaza ya 2030, iliyozinduliwa mwaka wa 2008, ilikuwa imeitaja kazi ya kuhudumia kampuni za ng'ambo kuwa mojawapo ya nguzo sita za kukuza uchumi.

Isitoshe, baadhi ya kazi zilizokuwa zikifanywa ndani ya mashirika zilihamishiwa kwa kampuni za huduma. Mnamo 2010, baada ya Bharti Airtel ya India kununua biashara ya Zain katika mataifa ya Afrika, Kenya ikiwemo, iliikabidhi kampuni ya IBM usimamizi wa mifumo yake ya kompyuta katika mataifa 16. Kwa mtaalamu wa teknolojia, ujumbe ulikuwa bayana: kazi inaweza kubaki ile ile, lakini mwajiri akabadilika.

Pesa hutoka wapi?

Ili kuielewa kazi hii, sharti kuelewa hesabu yake. Tuseme kampuni humtoza mteja Sh10,000 kwa kila siku ambayo mhandisi mmoja amefanya kazi. Akifanya kazi siku 20 kwa mwezi, kampuni hupata Sh200,000. Iwapo mshahara wake ni Sh80,000, zinabaki Sh120,000.

Kiasi hicho si faida tupu. Ndicho kinacholipia ofisi, umeme, leseni za programu, wanaotafuta zabuni, mhasibu, kodi, na pia mishahara ya wenzake ambao kwa wakati huo hawana mteja. Mhandisi huyo akikosa kazi kwa nusu ya mwezi, mapato hushuka hadi Sh100,000, ilhali mshahara wake ni ule ule. Mambo yakiendelea hivyo kwa miezi miwili au mitatu, usimamizi huanza kumtazama kwa jicho jingine.

Ndiyo maana katika kampuni hizi kila mtu hujaza fomu ya saa: alifanya nini, kwa muda gani na kwa mteja yupi. Mgeni huiona kuwa usumbufu wa kiofisi, kumbe ndiyo stakabadhi ya mauzo. Ndiyo maana pia mfanyakazi asiye na mteja hukosa utulivu hata kama mshahara wake umeingia. Anajua kuwa yeye ni gharama.

Faida: Shule inayokulipa

Faida ya kwanza, na pengine kubwa zaidi, ni kujifunza mengi kwa muda mfupi. Anayefanya kazi katika idara ya teknolojia ya shirika moja huujua mfumo wa shirika hilo kwa kina, lakini anaweza kukaa miaka mitano bila kuona mwingine. Mwenzake wa kampuni ya huduma anaweza mwaka huu kushughulikia mfumo wa chama cha ushirika cha akiba na mikopo, mwaka ujao ghala la dawa, kisha mfumo wa karo wa chuo kikuu.

Katika kila sehemu hajifunzi teknolojia pekee. Hujifunza jinsi mkopo unavyopitishwa, jinsi dawa zinavyosajiliwa na kuhesabiwa, na jinsi pesa zinavyopotea pale hesabu zinapoandikwa kwa mkono. Ujuzi huu wa shughuli za watu ndio unaomtenganisha mtaalamu na mtu anayejua kuandika programu tu. Kutembea kwingi ni kuona mengi, na kampuni ya huduma humtembeza kijana ilhali analipwa.

Faida ya pili ni kufanya kazi chini ya wajuzi. Katika ofisi ndogo, mtaalamu wa kompyuta huenda akawa peke yake, naye akikwama hana wa kumwuliza. Kampuni ya huduma huwa na wahandisi wa viwango tofauti, na kazi ya chipukizi hukaguliwa na aliyemtangulia kabla ya kumfikia mteja. Ukaguzi huo hukera mwanzoni, lakini ndio unaomfunza kijana nidhamu ya kuandika kazi inayoweza kueleweka na mwingine.

Tatu, kampuni nyingi hugharimia mafunzo na mitihani ya vyeti vya watengenezaji wakubwa kama Cisco na Microsoft. Hazifanyi hivyo kwa ukarimu pekee. Zabuni nyingi hudai kampuni ionyeshe kuwa ina wataalamu wenye vyeti fulani, na watengenezaji hao nao huzipandisha daraja kampuni zenye wataalamu wa kutosha. Vyovyote iwavyo, cheti huandikwa jina la mfanyakazi, naye huondoka nacho akihama.

Nne, ni kujulikana. Anayewahudumia wateja kumi kwa miaka mitatu hufahamika katika ofisi kumi. Si ajabu kwa meneja wa shirika aliyeridhishwa na kazi ya mhandisi kumkumbuka nafasi inapotokea. Aidha, kijana hujifunza kuzungumza na watu wasiojua lugha ya kompyuta, kueleza kwa nini kazi imechelewa, na kukataa ombi lisilo katika mkataba bila kumuudhi mwenyewe. Hayo hayafundishwi darasani.

Tano, aliyeajiriwa rasmi hulindwa na sheria kuliko anayejifanyia vibarua mtandaoni. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mfanyakazi likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo, likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba, na angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Mwajiri pia huchangia akiba yake ya uzeeni katika hazina ya NSSF. Anayejitegemea hana hata moja kati ya haya, isipokuwa alilojiwekea mwenyewe.

Hasara: Mabwana wawili

Penye urembo ndipo penye urimbo. Shina lile lile linalozaa faida hizi ndilo linalozaa machungu ya kazi hii.

Kwanza, mfanyakazi huwa na mabwana wawili. Mshahara hulipwa na kampuni, lakini anayemwamrisha kila asubuhi huenda akawa meneja wa mteja, hasa iwapo amepelekwa kufanya kazi katika ofisi za mteja huyo. Yeye si mwenyeji huko: haalikwi katika mikutano yao ya wafanyakazi wala hapati marupurupu yao. Na anaporejea kwa mwajiri wake, hukuta wenzake hawamjui vyema. Wakati wa kupandishwa vyeo, aliyeko mbali na macho anaweza kusahaulika.

Pili, wakati wake hauko mikononi mwake. Mifumo ya benki na mashirika makubwa haiwezi kuzimwa mchana wateja wakiwa foleni, kwa hivyo marekebisho hufanywa usiku, wikendi na sikukuu. Anayehudumia wateja wa ng'ambo hufuata saa zao. Mjini New York ikiwa saa tatu asubuhi, Nairobi huwa tayari ni saa kumi au saa kumi na moja jioni, kutegemea majira. Wa California huanza kazi wakati familia ya Nairobi inaandaa chajio.

Kisha kuna dharura. Mnamo Julai 19, 2024, marekebisho yenye kasoro yaliyotumwa na kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike yalikwamisha takriban kompyuta milioni 8.5 zinazotumia Windows kote duniani. Mashirika ya ndege, hospitali na benki zilitatizika. Kasoro yenyewe iligunduliwa na kuondolewa baada ya muda mfupi, lakini kompyuta nyingi zilizokuwa zimekwama zililazimu mtu azifikie moja baada ya nyingine na kufuta faili mbovu. Mzigo huo uliwaangukia wafanyakazi wa usaidizi, ambao hawakuwa wamekosea lolote.

Mikataba mingi na wateja hutaja muda ambao tatizo sharti liwe limeshughulikiwa, na faini iwapo muda huo utapita. Meneja wa mauzo ndiye anayetia saini ahadi hiyo, ila anayeamshwa saa nane za usiku ni mhandisi.

Tatu, kazi aliyoifanya si yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, programu iliyoandikwa na mfanyakazi akiwa kazini huwa mali ya mwajiri, isipokuwa kama wamekubaliana vingine. Katika kampuni ya huduma, mara nyingi mwajiri naye huwa ameahidi kumkabidhi mteja. Hivyo basi, mhandisi anaweza kuunda mfumo unaotumiwa na maelfu ya watu, kisha akaukabidhi na asiuone tena. Wakati mwingine mkataba wa siri humzuia hata kumwonyesha mwajiri mwingine alichokiunda. Usione vyaelea, vimeundwa, walisema wahenga. Ila katika kazi hii jina la aliyeunda halionekani.

Nne, si kila mradi hufunza jambo jipya. Kampuni humpeleka mtu palipo na malipo. Kijana aliyetamani kuunda programu za simu anaweza kujipata akitunza mfumo wa zamani ambao mteja hataki kuubadilisha, mwaka baada ya mwaka. Kadiri anavyoujua ndivyo mteja anavyozidi kumng'ang'ania, na ndivyo ujuzi wake unavyozidi kupoteza soko kwingineko.

Tano, kampuni nyingi ndogo huishi kwa kutegemea wateja wachache. Zile zinazoihudumia serikali kuu au serikali za kaunti huweza kukamilisha kazi na bado zikangoja malipo kwa miezi mingi. Mteja akichelewa kulipa, mishahara nayo huchelewa, ingawa mfanyakazi alitimiza wajibu wake kwa wakati.

Mteja akibadilisha nia

Hatari kubwa zaidi ni kwamba ajira hutegemea mkataba ambao mfanyakazi hakuutia saini wala hakuusoma. Kisa cha Andela ni funzo. Kampuni hiyo ilianza mjini Lagos mwaka wa 2014 na kufika Nairobi mwaka uliofuata. Iliwasaka vijana wenye vipaji, ikawafunza, kisha ikawaunganisha na kampuni za ng'ambo zilizohitaji wahandisi wa programu. Kwa vijana wengi ilikuwa kama nyota ya jaha.

Mnamo Septemba 2019, Andela ilitangaza kuwaachisha kazi wahandisi chipukizi 250 nchini Nigeria na Uganda, na kwamba wengine 170 nchini Kenya huenda wangeathirika. Sababu haikuwa uzembe wao. Soko lilikuwa limegeuka: wateja walitaka wahandisi wenye uzoefu, na idadi ya chipukizi ikawa imezidi mahitaji. Ujuzi walioupata haukupotea, lakini kazi ilikuwa imekwisha.

Kisa cha pili ni kizito zaidi. Wakaguzi wa maudhui waliofanya kazi Nairobi katika kampuni ya Sama walikuwa wakitazama na kuondoa picha na video za kutisha zilizowekwa katika mtandao wa Facebook. Mei 2022, mmoja wao wa zamani, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, aliishtaki Sama pamoja na Meta, kampuni inayomiliki Facebook, kuhusu mazingira ya kazi. Mnamo Januari 2023 Sama ilitangaza kuwa ingejiondoa katika kazi hiyo, na wakaguzi zaidi ya 180 wakaenda kortini kupinga kuachishwa kazi.

Desemba 2024, ripoti ya kitabibu iliyowasilishwa katika kesi hiyo iliangaziwa na vyombo vya habari. Ilionyesha kuwa zaidi ya wakaguzi 140 waliochunguzwa walipatikana na maradhi ya kiakili yanayotokana na kiwewe. Meta ilikuwa imejitetea kuwa haikuwa mwajiri wao, na kwamba haiwezi kushtakiwa humu nchini. Mnamo Septemba 2024, Mahakama ya Rufaa iliamua kuwa kampuni hiyo inaweza kushtakiwa Kenya.

Uamuzi huo unagusa kiini cha biashara hii. Kazi inapopitia mikono miwili au mitatu, ni nani anayewajibika mfanyakazi anapoumia? Mteja husema yeye ni mnunuzi wa huduma tu. Kampuni ya huduma husema ilifuata maagizo ya mteja. Ndovu wawili wakisongana, ziumiazo ni nyasi.

Akili unde na biashara ya saa

Kuna wingu jingine lililotanda. Tangu programu ya ChatGPT ilipozinduliwa mwishoni mwa mwaka wa 2022, mitambo ya akili unde imeweza kuandika sehemu za programu, kujibu maswali ya kawaida ya wateja na kufupisha nyaraka. Hizo ndizo kazi ambazo chipukizi walikuwa wakianzia.

Kwa kampuni inayouza saa, hili si suala dogo. Kazi iliyohitaji saa kumi ikifanywa kwa saa tatu, mteja hatakubali kulipia kumi. Kampuni italazimika kutafuta wateja zaidi, kutoza kwa matokeo badala ya saa, au kupunguza watu.

Ambalo mitambo haijachukua ni jukumu. Mfumo wa hospitali ukikwama, mteja humtaka mtu wa kuja, kusikiliza, kutambua kiini cha tatizo na kubeba lawama iwapo atakosea. Kwa hivyo, yule anayejua shughuli za mteja ana nafasi bora kuliko anayejua kuandika programu pekee. Bila shaka, hiyo ni faida ya kwanza tuliyoitaja, nayo imezidi kupanda thamani.

Maswali kabla ya kutia saini

Kutokana na hayo, si busara kuzikimbia kampuni za huduma, wala si busara kuingia ukiwa umefumba macho. Sheria ya Ajira hutaka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Anayepewa kazi kwa mdomo tu ana haki ya kudai karatasi, na akishaipata aisome yote.

Swali la kwanza la kuuliza ni kuhusu vipindi visivyo na mteja. Je, mshahara utaendelea kulipwa kamili, na kwa muda gani? Iwapo ajira imefungwa na mradi mmoja, basi hiyo ni ajira ya muda, hata ikipambwa kwa cheo kikubwa. Malipo yanayotakikana yanafaa kuzingatia hatari hiyo.

La pili ni zamu na dharura. Ni nani huitwa usiku, mara ngapi kwa mwezi, na hulipwaje? Jibu la "sisi hapa ni kama familia moja" si jibu.

La tatu ni kipindi cha majaribio. Kisheria hakifai kuzidi miezi sita, na kinaweza kuongezwa tu kwa ridhaa ya mfanyakazi, bila kupita miezi 12 kwa jumla. Anayewekwa katika majaribio miaka nenda miaka rudi anadhulumiwa.

La nne ni gharama ya mafunzo. Baadhi ya mikataba humtaka mfanyakazi kurejesha pesa za mafunzo akiacha kazi kabla ya muda fulani. Ni muhimu kiasi chenyewe kiandikwe, na kipungue kadiri muda unavyosonga. Vivyo hivyo kwa vifungu vinavyomzuia kuajiriwa na mteja au mshindani baada ya kuondoka. Mahakama zina uwezo wa kuvitupilia mbali vifungu vinavyovuka mipaka ya haki, lakini ni afadhali kujadiliana mapema kuliko kupelekana kortini.

La tano ni kuagana. Mwajiri anayepunguza wafanyakazi kwa sababu kazi imekwisha ana wajibu wa kutoa notisi ya angalau mwezi mmoja, na kulipa fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Mteja kuondoka hakuifuti haki hiyo.

La mwisho huulizwa kwa wale wanaotazama au kusikiliza mambo ya kuogofya kazini. Je, kuna mshauri nasaha wa kweli, na je, mtu anaweza kupumzika bila kukatwa mshahara? Afya ya akili ikishaharibika, mshahara wa mwezi hauwezi kuirejesha.

Ni ya nani basi?

Kazi hii inamfaa zaidi kijana aliye katika miaka yake ya kwanza, asiyeogopa kubadilisha mazingira, na mwenye kiu ya kujua. Inamfaa pia anayepanga kuanzisha kampuni yake baadaye, kwa kuwa hapo ataona jinsi zabuni zinavyotafutwa, bei zinavyowekwa na wateja wagumu wanavyotulizwa. Inaweza kumchosha mwenye watoto wadogo au mgonjwa wa kutunza nyumbani, na yule anayetaka kuunda kitu kimoja na kukikuza hadi kikomae.

Aliyekwisha kuingia naye asikae tu kusubiri kupangiwa. Kila baada ya miezi sita ajiulize: nimejifunza nini ambacho sikukijua, na je, soko linakihitaji? Ikiwa jibu ni hakuna, amwombe meneja mradi mwingine. Akikataliwa mara ya pili na ya tatu, atakuwa amejibiwa kuhusu mustakabali wake hapo. Aidha, aweke kumbukumbu zake mwenyewe za miradi aliyoshughulikia na matatizo aliyotatua, bila kufichua siri za wateja. Fomu za saa hubaki kwa mwajiri, ilhali kumbukumbu hizo ndizo zitakazomtetea siku ya usaili.

Kampuni itauza saa zake, kwa kuwa hiyo ndiyo biashara yake. Ni juu ya mfanyakazi kuhakikisha kuwa kwa kila saa iliyouzwa, kuna kitu kilichobaki mikononi mwake: ujuzi, cheti, jina jema au akiba. Mikono hiyo ikibaki mitupu mwaka mzima, basi hata mshahara uwe mnono namna gani, aliyepata ni mwingine.